Ukaguzi wa nyumba

Ukaguzi wa nyumba ni uchunguzi wa hali ya jengo unaofanywa na mtaalamu, mara nyingi kabla nyumba haijauzwa. Shabaha yake ni kumwonyesha mnunuzi au muuzaji kasoro zilizopo, ili bei na mkataba vipatanishwe kwa kujua ukweli. Makala hii inahusu hasa desturi za Marekani na Uskoti.

Kazi ya mkaguzi

Mkaguzi hutazama paa, dari, kuta, msingi, mabomba ya maji, nyaya za umeme, na mitambo ya kupasha joto na kupoza hewa. Nyumba ya kawaida huchukua saa kadhaa. Baadaye hutoa ripoti ya maandishi, mara nyingi yenye picha.

Ukaguzi huu si sawa na tathmini ya thamani, ambayo hufanywa kwa ajili ya benki inayotoa mkopo. Pia nyumba "haifaulu" wala "haifeli": ripoti hueleza hali tu, na uamuzi hubaki kwa wahusika.

Mipaka

Mkaguzi huangalia yanayoonekana. Havunji kuta wala kufukua mabomba, hivyo kasoro iliyofichika inaweza kumpita. Mchwa, gesi ya radoni na mabomba ya maji taka kwa kawaida huhitaji vipimo vya ziada vinavyolipiwa peke yake. Radoni haina rangi wala harufu, lakini nchini Marekani ni chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya uvutaji sigara.

Kwa mnunuzi

Mnunuzi ndiye anayelipa mara nyingi, na inafaa amchague mkaguzi mwenyewe, kwa sababu dalali hulipwa pale tu nyumba inaponunuliwa. Akiwepo wakati wa ukaguzi anaweza kuuliza maswali. Mkataba ukiwa na sharti la ukaguzi, anaweza kudai matengenezo au punguzo la bei, au kujitoa, mradi afanye hivyo ndani ya muda uliowekwa. Asiyeweka sharti hilo anaweza kupoteza amana yake akijitoa.

Kwa muuzaji

Muuzaji anaweza kuagiza ukaguzi kabla ya kutangaza nyumba, akarekebisha kasoro mapema. Lakini akishazijua, katika majimbo mengi hulazimika kuzieleza kwa mnunuzi. Kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 1978, sheria ya Marekani ya mwaka 1992 inamtaka aeleze anachojua kuhusu rangi yenye risasi, na mnunuzi hupewa siku 10 za kuipima, isipokuwa wakikubaliana vingine.

Sheria na maadili

Chama cha American Society of Home Inspectors kilianzishwa mwaka 1976. Kanuni zake zinamkataza mkaguzi kulipwa kwa kutengeneza sehemu alizozikagua kwa mwaka mmoja, asije akabuni kasoro ili apate kazi. Majimbo mengi ya Marekani hudai leseni, lakini California haina leseni ya wakaguzi wa nyumba.

Nchini Uskoti mzigo uko kwa muuzaji. Tangu Desemba 2008 nyumba nyingi zinazouzwa huko lazima ziwe na ripoti yenye sehemu tatu: hali na thamani ya jengo, matumizi ya nishati, na majibu ya muuzaji kwa maswali maalumu.