Pangani na Wasafiri wa Kanyenye

Mji wa Pangani umekaa mlangoni mwa mto, pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi. Ng'ambo ni Bweni. Mgeni wa siku mbili huona minazi, majumba ya mawe na mashua zikipita kwa kupwa na kujaa, kisha akaenda zake ameridhika.

Wageni wa namna hiyo si wa leo. Februari 1857, Richard Burton na John Speke walifika hapo kutoka Unguja, wakapanda hadi Vuga kwa Kimweri, mtawala wa Usambara. Mwezi Machi wakarejea Unguja na homa zao. Ziara hiyo fupi ilikuwa ya kujipima tu. Mwezi Juni waliianza safari kubwa kutoka Kaole, karibu na Bagamoyo, na tarehe 7 Novemba wakaingia Kaze ya Unyanyembe, katika nchi ya Tabora, ambako leo Kanyenye ni mojawapo ya kata za mji.

Majina yao yamehifadhiwa vitabuni. Lakini njia waliyoipita hawakuifungua wao. Wanyamwezi walikuwa wakiteremka pwani tangu mwanzo wa karne ile, wakabeba pembe kwa mabega kwa masafa ya zaidi ya kilomita 800. Walisafiri wakati wa kiangazi, ili warudi kabla ya mvua za kulima. Kwa kijana, kuiona bahari kulikuwa sehemu ya kuwa mtu mzima. Wala kazi hiyo haikuwa ya wanyonge peke yao: Burton mwenyewe aliandika kwamba Fundikira, ntemi wa Unyanyembe, alikuwa njiani kwenda pwani akiwa mpagazi alipopata habari za kifo cha baba yake. Akautua mzigo, akarudi kutawala.

Mambo yakabadilika Wadachi walipotamalaki. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyosalimika ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba ya mkonge yalipoenea, Wanyamwezi walikuwa miongoni mwa waliotafutwa kwanza kuyafanyia kazi. Aliyekuwa akija na pembe, akauza na kurudi kwao, sasa alikuja kukata mkonge kwa mkataba, na wengi hawakurudi tena.

Na pwani nayo ilikwenda bara. Miembe ya Tabora, Uislamu wake na Kiswahili chake vilipita njia ile ile, kabla reli haijafika mwaka 1912.

Basi uzuri wa Pangani si wa macho peke yake. Anayesimama ukingoni akautazama mto ukiingia baharini, na akumbuke pia waliofika pwani hii kwa miguu, mizigo mabegani, wakaoga maji ya chumvi kwa mara ya kwanza, wala hapana kitabu kilichoandika majina yao.