Kutoka barua ya Msalaba Mwekundu hadi mega: njia yetu ya kupata habari



Mwaka jana baba mmoja wa kijiji chetu alipata habari ya msiba wa dada yake kule Nyarugusu baada ya siku tisa. Simu alikuwa nayo. Mega ndiyo hakuwa nayo. Tangu siku ile najiuliza: hii shida ya habari ilianzia wapi?

Vita vya 1996 vilipotuvusha Ziwa Tanganyika, simu ya mkononi ilikuwa na miaka 10 katika Zaire. Telecel ya Miko Rwayitare ilianza 1986, lakini ile ilikuwa mali ya wakubwa na matajiri. Sisi wa kambini tulikuwa na barua za Msalaba Mwekundu: karatasi isiyofungwa, habari za familia tu, siasa hapana. Jibu lilikuja baada ya miezi. Waliobaki nyumbani walipanga mstari kwa fonia, wakasema shida za nyumba yao huku kila mtu anasikia.

Celtel ilianza Kongo mwaka 2000, Vodacom 2002. Antena zilianzia mijini, vijiji vikangoja. Oktoba 2005 meli za HCR zilianza kuturudisha kutoka Kigoma mpaka Baraka. Mimi nilirudi kijana, nikakuta watu wanapanda mlima jioni, simu juu, wanatafuta rezo.

Leo rezo iko, ila bei inauma. Sababu zake zinajulikana. Antena ya kijijini inakula mazutu, na mazutu yanapita barabara mbovu. Wanunuzi ni wachache. Kebo ya baharini ilianza kazi Moanda mwaka 2013, lakini Moanda iko upande mwingine kabisa wa nchi. Tena forfe nyingi zinahesabiwa kwa dola. Franka ikishuka, mega zinapanda. Halafu 2020 ikaja RAM, kodi ya serikali iliyokatwa moja kwa moja kwenye inite: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya intaneti. Watu walilalamika mpaka ikaondolewa 2022. Hapo tulijifunza kwamba sauti ya wengi inasikika.

Lakini historia inatufundisha jambo lingine. Barua ilipita kwa mikono ya wengi, na fonia moja ilihudumia kijiji kizima. Ni juzi tu tulipoanza kila mtu kununua mega zake peke yake, kidogo kidogo, na kidogo kidogo ndiyo bei kali kuliko zote.

Kwa hiyo naomba mkutano ujao ujadili hili: modemu moja ya chama, panno moja ya jua, na forfe moja kubwa ya mwezi. Kila mwanachama atoe franka 1 000 kwa wiki. Tutumie maandishi na sauti, video tuache. Na tuzime ile kazi ya simu kujipakulia picha yenyewe. Wafadhili wakitaka kusaidia, wasaidie vyombo. Inite tutalipa sisi wenyewe, ili siku wakiondoka tusizimike.

Msiba hauzuiliki. Lakini siku tisa, hapo tunaweza kupunguza.