Sehemu ya 7: Stempu ya nesi na albamu ya kushona mwenyewe

Sehemu ya 6 tulizungumzia kadi ya kliniki na kwa nini isitupwe mtoto akishamaliza chanjo. Leo twende nyuma zaidi, kwenye lile sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi, lenye barua za zamani. Usafi wa sikukuu unakaribia, na najua barua hizo huishia wapi: kuwashia jiko. Kabla hujaziwasha, nisikilize kidogo.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, posta ilitoa seti mpya ya stempu. Ya senti 5 ilikuwa na mwalimu na wanafunzi. Ya senti 15, uchumaji wa kahawa. Ya senti 20, uvunaji wa mahindi. Ya senti 50, simba wa Serengeti. Na ya senti 10 ilikuwa na muuguzi wa wilaya na mtoto mchanga. Mtu wa Rhotia akiziona hizo anaweza kudhani mchoraji alisimama hapa kwetu barabarani: kahawa ya upande wa Oldeani, mahindi ya mashambani mwetu, simba wa kule ng'ambo ya kreta. Na nesi kashika mtoto! Kwa kweli nikifikiria kazi yangu ilishasafiri juu ya bahasha za watu, najisikia vizuri kuliko siku ya kupandishwa cheo.

Lakini uzito wa stempu ile utauona ukijua zilizoitangulia. Wajerumani walifungua posta Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 stempu zao zilikuwa na picha ya meli ya Kaiser, Hohenzollern, na picha hiyo hiyo ilitumika Togo, Kameruni hadi Samoa. Yaani mtu wa Mbulu na mtu wa visiwa vya Pasifiki wote walilamba meli moja ya mtu wasiyemjua. Vita vilipokaza, stempu zikaadimika, wakachapa nyingine mwaka 1916 kwenye mtambo wa misheni ya Vuga kule Usambara. Meli ikafika na stempu mpya kutoka Ujerumani, basi zile za Vuga wakazifukia ardhini zisitekwe na Waingereza, zikaja kufukuliwa baadaye.

Waingereza nao walianza kwa kugonga herufi G.E.A. juu ya stempu za Afrika Mashariki na Uganda. Mwaka 1922 ikaja stempu ya kichwa cha twiga yenye jina Tanganyika. Mwaka 1927 twiga akaondolewa, akawekwa Mfalme George V. Kuanzia 1935 tukachanganywa na majirani, stempu moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na kichwa cha mfalme hakikuondoka hapo. Baadaye akaja malkia. Kwa hiyo mwaka 1961, pale palipozoeleka uso wa mtawala, akaonekana nesi, mwalimu, mvunaji. Zanzibar mambo yalikwenda kwa kishindo zaidi: baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 stempu zenye picha ya Sultani ziligongwa kwa muhuri wa mkono maneno JAMHURI 1964, na barua zikaendelea kwenda.

Sasa tuje kwenye sanduku la bibi.

Mimi kazini kila wiki namwuliza mzee, "Umezaliwa mwaka gani?" Ananijibu, "Mwaka wa uhuru, uhuru wenyewe nilikuwa natambaa," au "Operesheni Vijiji nilikuwa tayari nachunga." Tunakadiria. Barua inaweza kukadiria vizuri zaidi. Babu alikuwa kibarua kwenye mkonge Tanga, akaandikiwa kwamba mkewe amejifungua salama. Bahasha ile ina muhuri wa posta: duara lenye jina la mji na tarehe. Hata kama barua yenyewe ililiwa na mchwa, muhuri unakwambia mtu wenu aliandika kutoka wapi na lini. Muhuri ukififia, stempu inasaidia. Ukiona samaki wenye jina Tanzania, inawezekana ni ile seti ya 1967, kwa hiyo barua haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Vipepeo, anza na 1973. Jina Tanganyika peke yake na mwanamume anavuna mahindi, hiyo ni 1961 au miaka michache baada yake. Sisemi bahasha ni cheti cha kuzaliwa, msije mkanipeleka kwa mtendaji! Nasema inampa mama yako umri uliokaribia ukweli, na sisi wauguzi tunafurahi sana na umri uliokaribia ukweli.

Angalia na anwani. Hapa kwetu barua haikuletwa mlangoni. Ilikuja kwa sanduku la posta la shule, la parokia au la duka, mtoto akaitwa mstarini akabidhiwa aipeleke nyumbani. Na Rhotia wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu, Karatu bado haijawa wilaya. Kwa hiyo usishangae kuona "Mbulu" ukadhani ni ukoo mwingine.

Ndiyo maana nawaomba, msikate stempu kutoka kwenye bahasha. Nusu ya muhuri huwa imegonga stempu na nusu bahasha; ukikata, tarehe inavunjika. Wakusanyaji wengi wa zamani walizikata na kuziloweka. Stempu ya kwanza ya kubandika ilitoka Uingereza mwaka 1840, na mwaka 1841 tu gazeti la The Times lilikuwa na tangazo la binti anayeomba stempu zilizotumika abandike kuta za chumba chake cha kuvalia. (Kila zama na mapambo yake ya ukuta, jamani.) Albamu ya kuchapwa kiwandani ilianza kuuzwa Paris mwaka 1862, kazi ya Justin Lallier. Kabla ya hapo watu walijitengenezea madaftari yao, na wengi walizipaka stempu gundi mgongo mzima, zikaharibika. Sisi tunarudi kwenye daftari la nyumbani bila ile gundi.

Chukua boksi gumu, kata majalada mawili yenye ukubwa wa kupita bahasha vidole viwili kila upande. Karatasi za ndani ziwe nene, nyeupe isiyong'aa. Kati ya kila ukurasa shona ukanda mwembamba wa karatasi kwenye mgongo, la sivyo ukishaweka bahasha kitabu kitavimba kama mdomo wa mtoto mwenye jino jipya. Toboa kwa msumari, shona kwa uzi wa kushonea viatu. Bahasha isipakwe kitu: kata pembetatu nne za karatasi, zibandike ukurasani, kisha ingiza kona za bahasha humo. Gundi ya unga wa ngano inaita mende. Selotepu inageuka njano na kung'ang'ania. Na leminesheni, tunayoipenda kwa kila cheti, inachoma karatasi ya zamani na huwezi kuitoa tena.

Jalada lipambe kwa kitenge, au kipande cha khanga ya bibi iliyochakaa. Ila kwa wenzangu wa Kiiraqw nina wazo ninalolipenda zaidi. Wasichana wetu wa zamani walishona shanga kwenye sketi za ngozi, kazi ya subira hasa, na baadhi ziko makumbusho huko Ulaya. Mwombe bibi akuchoree mistari anayoikumbuka, uishone kwa shanga kwenye kipande cha ngozi laini, kisha ukibandike jalada la mbele tu. Nyuma acha tambarare, albamu ilale bila kukandamiza kurasa.

Msimu wa ukungu usiiache ukutani. Ukuta wetu unatoa jasho kuanzia Machi. Iweke juu ya kabati, ndani ya mfuko wa kitambaa, si nailoni. Siku za jua ifungue kivulini nusu saa.

Chini ya kila bahasha andika kwa penseli: nani aliandika, kwa nani, alikuwa anafanya kazi gani. Mwulize bibi leo, maana majina ya waliotajwa ndani ya barua mara nyingi yuko peke yake anayeyajua. Ukurasa wa mwisho shona mfuko, uingize kadi ya kliniki ya kila mtoto wako. Ile ya sehemu ya 6.