Upasuaji wa Tezi ya Mate na Neva ya Uso

Tezi kubwa kuliko zote za mate hukaa mbele ya sikio, pale panapovimba mtoto anapougua matubwitubwi. Huitwa parotidi. Mfereji unaopeleka mate yake kinywani uligunduliwa Amsterdam mwaka 1660 na Niels Stensen, kijana wa Denmark, alipokuwa akipasua kichwa cha kondoo. Takriban asilimia 80 ya uvimbe wa tezi za mate huota kwenye parotidi, na mwingi si saratani.

Kilichowatesa wapasuaji ni neva ya uso. Hutoka kwenye fuvu chini ya sikio, ikapenya parotidi na kugawanyika humohumo kuwa matawi matano. Ikikatwa, upande mzima wa uso hulegea: jicho halifumbiki, mdomo hupinda, kinywaji huchuruzika. Kwa kuiogopa, madaktari wengi hadi mwanzoni mwa karne ya 20 walichana ganda la uvimbe na kuukamua utoke, kama kokwa ya tende. Mgonjwa alirudi nyumbani na uso wake mzima. Lakini kwa baadhi, baada ya miaka kumi, hata ishirini, uvimbe ulirudi, mara nyingi ukiwa vinundu vingi vilivyotapakaa kwenye kovu, na safari hii neva ilikuwa hatarini zaidi. Lilikuwa kosa la huruma, lakini gharama yake ililipwa na wagonjwa.

Mwaka 1941 mpasuaji Hamilton Bailey wa Uingereza alieleza namna ya kuiondoa parotidi huku neva ikibaki. Ushahidi uliozima ubishi kuhusu kukamua ulitoka Hospitali ya Middlesex, London, ambako madaktari Patey na Thackray walionyesha, katika makala ya 1958, kwamba ganda la uvimbe huwa jembamba, na vijinundu huchomoza kupitia ganda hilo. Aliyekamua aliviacha mwilini. Tangu hapo kanuni ikawa kuitafuta neva kwanza, kisha kuutoa uvimbe pamoja na nyama ya tezi inayouzunguka.

Kukata kipande cha uvimbe kwa uchunguzi nako kuliweza kumwaga chembe zake kidondani. Madaktari wa Stockholm walieneza njia ya kufyonza chembe chache kwa sindano nyembamba, na ndiyo inayotangulia leo, pamoja na picha. Saratani ikithibitika, mionzi mara nyingi hufuata upasuaji. Uso unaolegea kabla ya upasuaji ni dalili nzito ya saratani. Lakini hata uvimbe usiouma huondolewa, kwa kuwa ule wa kawaida zaidi ukiachwa miaka mingi unaweza kugeuka saratani.