Fuzz Face
Fuzz Face ni pedali ya gitaa la umeme, yaani kifaa cha kukanyaga kwa mguu kinachofanya sauti ya gitaa ikwaruze. Ilianza kuuzwa na kampuni ya Arbiter mjini London, Uingereza, mwaka 1966. Mpiga gitaa Mmarekani Jimi Hendrix aliitumia sana.

Saketi yake ina transista 2, rezista 4, kapasita 3, vidhibiti 2 vya kuzungusha na betri ya volti 9. Transista hukuza mawimbi ya umeme kutoka kwenye gitaa kupita kiasi hadi vilele vyake hukatwa, na hapo ndipo mkwaruzo hutokea. Kwa kuwa vipuri ni vichache, wengi wanaopenda kujitengenezea pedali huanza na hii.

Ugumu uko kwenye transista. Za kwanza zilikuwa za gerimani, ambazo hutofautiana hata zikiwa na namba ileile, tena huathiriwa na joto. Hivyo pedali mbili zenye saketi moja zinaweza kutoa sauti tofauti. Mtengenezaji hupima kila transista kabla ya kuilehemu, akichagua zinazokuza kwa kiwango kinachofaa bila kuvujisha umeme mwingi. Transista za silikoni, zilizotumiwa baadaye, huvumilia joto zaidi, lakini sauti yake huwa kali zaidi.