Cyrodiil Mara ya Pili: Historia ya Gemu Iliyovishwa Mwili Mpya

Tarehe 22 Aprili 2025, kampuni ya Bethesda Softworks ya Marekani ilirusha matangazo ya moja kwa moja, ikaonyesha mchezo wa video wenye umri wa miaka 19 ukiwa na sura mpya, kisha ikauingiza sokoni siku hiyohiyo. Hapakuwa na miezi ya kuupigia debe. Katika siku chache tu, zaidi ya watu milioni 4 walikuwa wameucheza, na wengi wao walijua vyema wanakokwenda: seli ya gereza, mlango wa siri ukutani, mtawala mzee anayekimbia wauaji, na mahandaki marefu yanayoishia kwenye mwanga wa jua ukingoni mwa ziwa.

Mchezo huo unaitwa The Elder Scrolls IV: Oblivion. Ili kuelewa kwa nini watu wengi walifurahi kurudi mahali walipokwisha kupamaliza, hatuna budi kuanza mbali kidogo.

Bethesda ilianzishwa mwaka 1986 na Christopher Weaver katika mji wa Bethesda, jimbo la Maryland, jirani na Washington. Miaka yake ya mwanzo ilijulikana zaidi kwa michezo ya spoti. Mwaka 1994 ikatoa The Elder Scrolls: Arena. Wazo la awali lilikuwa kikosi cha wapiganaji wanaozunguka mji hadi mji wakishindana ulingoni. Lakini Vijay Lakshman, Ted Peterson, Julian LeFay na wenzao walipoongeza safari na kazi za njiani, hizo zikakua hadi mashindano yenyewe yakaachwa. Jina lilibaki, na bara la kubuni la Tamriel likawa limezaliwa.

Miaka miwili baadaye ikaja Daggerfall, yenye ramani kubwa kiasi cha kulinganishwa na nchi nzima. Hakuna binadamu angeweza kuichora ramani hiyo kwa mkono. Sehemu kubwa ilizalishwa na kompyuta kwa kanuni za hesabu, na ndiyo maana vijiji vyake vilifanana sana. Waliofuata walijifunza kutokana na hilo. Todd Howard, aliyejiunga na kampuni mwaka 1994 akiwa kijana, aliongoza Morrowind ya mwaka 2002 kwa njia iliyo kinyume kabisa: kisiwa kimoja, ila kila jiwe, kila kitabu na kila kikombe kimewekwa na mtu. Kampuni ilikuwa imepita katika kipindi kigumu cha fedha. Mafanikio ya Morrowind yaliipa pumzi, na mwaka huohuo kazi ya Oblivion ikaanza.

Mpango ulikuwa kwamba Oblivion itoke Novemba 2005 pamoja na mashine mpya ya Xbox 360. Haikuwa tayari, ikasogezwa hadi tarehe 20 Machi 2006. Watengenezaji walikuwa wamejipa mizigo mitatu mizito.

Wa kwanza ulikuwa nchi yenyewe. Cyrodiil, jimbo la katikati ya Tamriel, lilipewa takriban kilomita za mraba 41. Hicho ni kipande kidogo sana ukikumbuka Daggerfall, lakini misitu yake ilisimama kwa programu maalumu ya kuotesha miti, majani yalitikisika, na mlima uliouona kwa mbali uliweza kuuendea kwa miguu na kuupanda. Mnara mweupe wa mji mkuu ulionekana kutoka pande nyingi za jimbo, hivyo msafiri aliweza kuinua macho na kujua alipo.

Mzigo wa pili ulikuwa sauti. Katika Morrowind, mazungumzo karibu yote yalisomwa. Katika Oblivion kila mtu alizungumza. Patrick Stewart alikuwa Kaizari Uriel Septim VII, Sean Bean akawa Martin, mwanawe, na Terence Stamp akawa Mankar Camoran, kiongozi wa wauaji. Watu wengine wote waliosalia, nao walizidi elfu moja, waligawiwa waigizaji wachache. Jamii nzima za Tamriel zikawa na sauti moja. Ombaomba aliomba kwa sauti ya mnyonge, kisha ukimuuliza habari za mjini akajibu kwa sauti ya mtu mwingine. Mwanamke mmoja wa mji mkuu, Tandilwe, alibaki na rekodi ambayo mwigizaji anakatiza maneno yake na kuomba ayarudie. Hakuna aliyeikata, nayo ikaenda madukani pamoja na mchezo.

Mzigo wa tatu, na ndio uliokuwa wa kijasiri kuliko yote, ulikuwa akili ya watu hao. Mfumo ulioitwa Radiant AI uliwapa wakazi wa Cyrodiil ratiba na mahitaji. Mwenye duka alifungua asubuhi, akala mchana, jioni akaenda baa, usiku akalala kitandani kwake. Wengine walisafiri mji hadi mji kuwatembelea jamaa. Watengenezaji walisimulia kwamba katika majaribio uhuru huo ulizidi: askari wenye njaa waliacha lindo kwenda kutafuta chakula, na wezi wakapata nafasi. Ikabidi mfumo ubanwe. Hata baada ya kubanwa, mara nyingi watu wa Cyrodiil walifanya mambo ambayo hakuna aliyeyaandika, na wachezaji wakapata visa vya kusimuliana vilivyotofautiana nyumba hadi nyumba.

Hadithi kuu nayo ina jambo ambalo anayecheza mara ya kwanza huweza kulipita. Mchezaji anaanza akiwa mfungwa. Kaizari anapita kwenye seli yake kwa sababu ndiko uliko mlango wa kutorokea, na kabla mahandaki hayajaisha anauawa, akiwa amemkabidhi mfungwa Hirizi ya Wafalme na kumtuma amtafute mrithi wa mwisho. Mrithi huyo ni Martin, kuhani katika mji wa Kvatch, asiyejua kwamba ana damu ya kifalme. Mji wake unateketezwa na majeshi yanayotoka katika malango ya moto. Mwishoni ni Martin anayeivunja hirizi, anageuka joka la moto, anamshinda Mehrunes Dagon, mkuu wa majeshi hayo, na kuwa jiwe. Mchezaji amesimama pembeni akitazama. Michezo mingi ya aina hii humwambia mchezaji kwamba yeye ndiye mteule. Oblivion inampa kazi ya kumsindikiza mteule. Anayerudi akijua mwisho huo humsikiliza Martin kwa sikio jingine kabisa tangu siku ya kwanza kanisani Kvatch, na hofu iliyomo katika sauti ya Sean Bean hupata uzito ambao awali haukuonekana. Naamini hii ndiyo zawadi kubwa ya kuucheza upya.

Lakini mchezo huo ulikuwa na kasoro, na historia yake haieleweki bila kasoro hizo. Iliyotajwa zaidi ni jinsi mhusika alivyokua. Ulichagua stadi kuu 7, na kila zilipopanda kwa jumla ya alama 10 ulistahili kupanda ngazi. Tatizo ni kwamba ulimwengu nao ulipanda pamoja nawe. Mnyang'anyi wa barabarani aliyevaa manyoya mwanzoni, baadaye alisimama palepale akiwa na silaha za thamani kubwa, huku bado akikudai sarafu 100. Aliyekuza stadi za biashara na maneno matamu alijikuta amepanda ngazi bila kuwa na nguvu ya kupigana, na maadui walikuwa wameshamwacha nyuma. Baadhi ya wachezaji waligundua kwamba njia nyepesi ya kumaliza mchezo ni kukataa kulala, maana bila kulala hakuna kupanda ngazi.

Kasoro nyingine ilikuwa ya sokoni. Mwezi Aprili 2006, mchezo ukiwa bado mpya, kampuni iliuza vazi la chuma la farasi kwa dola 2.50. Wachezaji walilalamika kwamba wanatozwa kwa pambo. Walilalamika na bado wengi walinunua, na kampuni za michezo duniani ziliona yote mawili. Leo mapambo ya aina hiyo ni chanzo kikubwa cha mapato katika biashara ya michezo, na vazi lile la farasi hutajwa kila historia hiyo inaposimuliwa.

Upande wa kompyuta, Bethesda iliwapa wachezaji programu iliyotumika kuujenga mchezo. Matokeo yake yamedumu kuliko tangazo lolote. Watu wa kujitolea walirekebisha hitilafu, wakaandika visa vipya na kubadili mfumo wa kupanda ngazi. Kundi moja lilianza kuijenga Cyrodiil yote upya ndani ya Skyrim, mchezo uliofuata wa mwaka 2011, na mradi huo, Skyblivion, umeendelea kwa zaidi ya muongo mmoja bila mshahara.

Juhudi hizo zilikuwa na maana, kwa sababu michezo ya video huzeeka vibaya. Kitabu cha mwaka 1906 bado kinasomeka kwa macho yaleyale, ilhali mchezo wa mwaka 2006 unahitaji mashine ya kuuendesha, na mashine hizo hufa. Mwaka 2023, shirika la Video Game History Foundation lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena sokoni. Tunazungumza juu ya kazi za mikono na akili za maelfu ya watu, ambazo zinapotea wakati waliozitengeneza wengi wao bado wako hai. Oblivion ilikuwa na bahati ya kubaki ikiuzwa, lakini kila mwaka vidole vya wachezaji wapya vilizidi kuiona ngeni.

Microsoft ilikamilisha ununuzi wa ZeniMax, kampuni mama ya Bethesda, mwezi Machi 2021 kwa dola bilioni 7.5. Mwaka huo kazi ya kuifanya upya Oblivion ilianza, ikishirikisha studio za Virtuos, kampuni yenye makao yake Singapore. Siri ilivuja mwaka 2023, pale nyaraka za kesi kati ya serikali ya Marekani na Microsoft zilipoonekana hadharani zikiutaja mradi huo. Hata hivyo watengenezaji waliendelea kunyamaza hadi siku ya kuutoa.

Njia waliyoichagua ndiyo kiini cha habari yote. Hawakuuandika mchezo upya. Injini ya zamani, yaani programu ya msingi inayouendesha mchezo, iliachwa ifanye kazi yake chini kwa chini: ratiba za watu, mapigano, hesabu za uchawi, mahali kilipo kila kijiko mezani. Juu yake ikawekwa Unreal Engine 5, yenye kazi ya kuonyesha tu. Watengenezaji wenyewe waliufananisha mpango huo na ubongo wa zamani katika mwili mpya. Ndiyo maana nyuso ni mpya na mwanga ni mpya, lakini askari bado wanajibishana maneno yasiyofuatana, na maiti bado zinaporomoka ngazini kwa namna ileile ya mwaka 2006.

Kisha kulikuwa na swali gumu zaidi kuliko la picha: kosa lipi lirekebishwe, na lipi liachwe kwa kuwa limekwisha kuwa sehemu ya kazi? Mfumo wa kupanda ngazi ulibadilishwa. Sasa kila ngazi humpa mchezaji alama 12 za kugawa mwenyewe, na hakuna tena anayeadhibiwa kwa kukuza stadi anazozipenda. Mchezaji akapewa uwezo wa kukimbia mbio. Jamii za Tamriel zikaongezewa sauti ili zitofautiane. Lakini maadui bado wanapanda pamoja nawe, na Tandilwe bado anaomba kurudia maneno yake. Hilo la mwisho lingefutwa kwa dakika moja. Liliachwa kwa makusudi, na uamuzi huo unaonyesha kwamba walioufanya wanaujua mchezo kama wanavyoujua waliokua nao.

Palikuwa pia na hasara. Mchezo uliotosha katika gigabaiti 4.6 sasa unadai zaidi ya 100, na hata kompyuta zenye nguvu hukwama porini. Rangi nazo zimebadilika. Cyrodiil ya kwanza ilikuwa ya kijani kibichi chenye ukungu wa mwanga, karibu na ndoto. Mpya imeelemea kahawia na udongo. Ni nchi inayoaminika zaidi, ila baadhi ya wachezaji wa zamani waliikosa ile isiyoaminika, na nadhani walikuwa na haki. Vazi la farasi nalo lilirudi, safari hii miundo mipya ikiuzwa ndani ya toleo la bei ya juu.

Bethesda haikuwafungia mlango wale wa Skyblivion. Iliwapa nakala za bure na kuwatakia heri, na wao wakaendelea. Oblivion ya mwaka 2006 nayo bado inauzwa kando ya mpya, kwa bei ndogo. Mwezi Julai 2025, Julian LeFay, ambaye wengi humwita baba wa The Elder Scrolls, alifariki dunia. Alikuwa amewahi kuona wazo la mwaka 1994 likipita katika mikono ya vizazi vitatu vya watengenezaji.

Jambo hilo, toleo jipya na la zamani kuuzwa pamoja, linafaa kuwa kanuni ya sanaa hii changa. Kufanya upya ni kazi halali, na hapa imefanywa kwa upendo, lakini kila ukarabati ni hoja kuhusu kipi kilikuwa muhimu, na hoja haiwezi kupimwa kama ushahidi umetupwa. Leo mtu anaweza kutoka katika mahandaki mara mbili, katika Cyrodiil mbili, na kuamua mwenyewe nani alikosea. Michezo mingi ya umri wake haina hata toleo moja la kurudia. Kazi ya kuiokoa hiyo haiwezi kuachiwa kampuni pekee, kwa kuwa kampuni itakarabati tu kile inachoamini kitauzwa.