Podo hili na podo hii

Mwanafunzi wa tafsiri akikutana na neno la Kiingereza yew hukwama, kwa kuwa mti huo hauoti kwetu. Ni mti wa kijani mwaka mzima, na ubao wake ni mgumu lakini hupindika bila kuvunjika. Aina yake moja huota magharibi mwa Amerika ya Kaskazini, kuanzia pwani ya Alaska hadi California, na wenyeji wa huko waliuchonga kuwa pinde na makasia. Uingereza pia ilitegemea mti wa jamii hiyo kwa pinde: katika mabaki ya meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, zimepatikana pinde zaidi ya 100. Tukiandika "msonobari" tunakosea, maana huo ni mti mwingine.

Mti unaoukaribia kwa sura, hapa magharibi mwa Uganda, ni podo. Huota katika misitu ya milima ya Rwenzori inayotazamana na Kasese na Bwera. Ubao wake si mgumu kama wa yew: ni wa manjano, hauna utomvu, na seremala huupiga randa bila taabu.

Hapa tuangalie sarufi. Podo hili, wingi mapodo, ni mfuko wa mishale. Wasomaji wa Biblia wanalijua kutoka Zaburi ya 127. Podo hii ni mti. Ni rahisi kudhani kwamba mti uliitwa hivyo kwa sababu ya mishale, lakini maneno haya hayana undugu. Jina la mti limekatwa kutoka Podocarpus, jina la kisayansi lililochapishwa mwaka 1807, lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki ya mguu na tunda. Aina ya Rwenzori, Podocarpus milanjianus, ilipewa jina hilo mwaka 1894 kutokana na mlima Mulanje, ulioko Malawi.

Kwa hiyo mti wa Rwenzori unabeba mguu wa Kigiriki na mlima wa Malawi. Lugha ya Wakonzo, walioishi nao vizazi kwa vizazi, haimo katika jina hilo. Msitu ulifanywa hifadhi ya serikali mwaka 1941, kisha Hifadhi ya Taifa mwaka 1991. Uhifadhi huo umeuokoa mti, lakini mtoto asiyeingia msituni na babu yake hana pa kujifunzia jina lake.

Tunawaomba walimu wa Kasese na Bwera wawatume wanafunzi kwa wazee, na pia kwa Wanande wanaovuka mpaka wa Mpondwe kuja sokoni. Waandike jina la mti, matumizi yake na wingi wake. Kiswahili hakioni haya kuazima kwa jirani: neno "ngeli", tunalolifundisha kila siku, tulilipata kwa Wahaya.